Mnara wa vita wa kijijini ni kitu gani, na kwa nini umejaa majina?

Ukipita vijijini Uingereza au Ufaransa, ni nadra kumaliza kijiji bila kukutana na jiwe lenye majina. Huwa limesimama njia panda, uani mwa kanisa au mbele ya ofisi ya meya. Huo ndio mnara wa kumbukumbu ya vita wa kijiji: jengo dogo, aghalabu lililotokana na michango ya wanakijiji wenyewe, la kuwataja mmoja mmoja watu wa pale waliokufa vitani. Mingi ilijengwa kati ya 1919 na 1925, mara tu baada ya Vita Kuu ya Kwanza.

Mnara huu si kaburi, na wengi hupachanganya hapo. Kaboya, wilayani Muleba mkoani Kagera, wamezikwa askari wa Tanzania waliokufa katika vita dhidi ya Idi Amin. Ukienda pale unazuru makaburi hasa. Mnara wa kijiji hauna mtu chini yake. Ulijengwa kwa sababu maiti hawakuwepo. Mwaka 1915, uongozi wa jeshi la Uingereza ulipiga marufuku kufukua miili na kuirudisha nyumbani, ili mtoto wa tajiri na wa maskini wazikwe palepale walipoangukia. Kwa mama mkulima wa Devon, nauli ya kwenda kaskazini mwa Ufaransa ilikuwa ndoto, na wengine hawakuwa hata na kaburi la kwenda kuliona, kwani mwili haukupatikana kamwe. Jiwe la kijijini likawa ndipo mahali pa kuweka maua. Wafaransa walilegeza kidogo: kuanzia 1920 familia ziliruhusiwa kudai miili ya watu wao, na kama 240,000 ikarudishwa. Lakini Ufaransa ilipoteza askari zaidi ya milioni moja na laki tatu, kwa hiyo wengi walibaki hukohuko.

Zamani vita vilikuwa kazi ya wanajeshi wa kazi, na kumbukumbu zilikuwa za wakubwa. Jemadari alipata sanamu juu ya farasi, ofisa wa ukoo mzuri akapata kibao ukutani mwa kanisa, askari wa kawaida akafa na jina lake. Vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902 vilianza kubadilisha mambo, maana baadhi ya minara yake iliwaorodhesha hata wa vyeo vya chini. Kisha ikaja 1914. Waingereza walijitolea kwa makundi, na kuanzia 1916 wakaandikishwa kwa lazima. Sasa aliyekufa alikuwa fundi viatu, mwalimu, kijana wa kukamua ng'ombe. Vijana wa mtaa mmoja waliwekwa kikosi kimoja, na wakati mwingine wakafa asubuhi moja. Tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya vita vya mto Somme, Waingereza zaidi ya 19,000 waliuawa. Vijiji vya Uingereza ambavyo watu wao wote walirudi salama ni takriban hamsini tu.

Nani alilipa? Uingereza, serikali haikuingiza mkono mfukoni kwa ajili ya minara ya vijiji. Kiliundwa kikao, ikapitishwa daftari la michango. Ufaransa ilitunga sheria tarehe 25 Oktoba 1919 iliyoziwezesha serikali za mitaa kupata ruzuku, ingawa sehemu kubwa ya gharama ilibaki kwa wenyeji. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anajua vikao vile vilikuwaje. Wengine walitaka msalaba, wengine wakasema pesa zijenge ukumbi, uwanja wa mpira au zahanati, vitu vya kuwafaa walio hai. Mara nyingi wafiwa walitaka jiwe, huku waliorudi vitani wakipendelea ukumbi. Jiwe lilishinda mara nyingi zaidi, na binafsi nadhani sababu ni nyepesi: ukumbi hauwezi kuombolezewa.

Kwa muundo, mnara wa kijiji cha Kiingereza kwa kawaida ni msalaba wa jiwe juu ya ngazi chache, na majina kwenye kitako chake. Msanifu Reginald Blomfield alichora msalaba wenye upanga wa shaba kwa ajili ya makaburi ya kijeshi, na vijiji vingi vikauiga. Jiwe lilifuata eneo: granaiti kule Cornwall, mawe ya chokaa kwingineko. Mawe ya chokaa yanachongeka kirahisi lakini mvua huyala, ndiyo maana leo kuna minara ambayo majina yake unayasoma kwa kupapasa kwa kidole. Palipotumika herufi za madini ya risasi zilizopachikwa kwenye matundu, barafu huzing'oa moja moja, jina likabaki na mapengo.

Ufaransa ilikuwa na kizuizi chake. Sheria ya 1905 ya kutenganisha dini na serikali ilikataza alama za dini kwenye minara ya umma, isipokuwa makaburini na kwenye nyumba za ibada. Hivyo msalaba ukapungua uwanjani, ukaja mnara mchongoko, jogoo wa taifa, au askari wa miguu aliyesubiwa kiwandani na kuagizwa kwa katalogi. Ndiyo, kwa katalogi: umbo moja la askari mshindi lilitapakaa katika mamia ya vijiji.

Si vyote vilivyotaka ushindi. Huko Gentioux, mkoa wa Creuse, mnara wa 1922 una sanamu ya mtoto yatima aliyevaa joho la shule. Kofia ameishika mkono mmoja, mwingine amekunja ngumi kuielekeza kwenye maandishi. Ni maneno ya Kifaransa yenye maana ya "Vita na vilaaniwe." Wakubwa wa serikali waligoma kwenda kuuzindua.

Haya yote, jiwe na sanamu, ni chombo cha kubebea orodha. Ndiyo maana ugomvi mkali zaidi ulikuwa wa majina. Je, aliyezaliwa hapa akahamia Kanada ni wetu? Vyeo vitangulie, au iwe A hadi Z? Vijiji vingi vilichagua alfabeti, na mwana wa bwana shamba akajikuta chini ya mtunza farasi wake. Kuna wazazi waliokataa jina la mtoto lisichongwe, maana kulichonga ni kukubali kwamba harudi. Askari waliopigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwa kutoroka au woga waliachwa nje sehemu nyingi. Uingereza iliwasamehe 306 mwaka 2006, na vijiji kadhaa vikaongeza majina yao. Kila tarehe 11 Novemba Wafaransa husoma orodha kwa sauti, na baada ya kila jina watu huitikia: amekufa kwa ajili ya Ufaransa.

Sasa itazame Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam. Ilisimamishwa 1927, mahali ilipokuwa sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann. Nairobi na Mombasa zina za kwao, za mchongaji yuleyule, James Alexander Stevenson. Maandishi yake yanawasifu askari wenyeji na wapagazi, ambao yanawaita miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba anayepigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Lakini jina halipo, hata moja. Kwa kipimo cha kijiji cha Kiingereza, huo ni mnara uliosahau kazi yake, na haukusahau kwa bahati mbaya. Ripoti ya 2021 ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na huenda hata 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Tume hiyo imeanza kulipa deni. Januari 2025 huko Cape Town ulifunguliwa ukumbusho wa Waafrika Kusini zaidi ya 1,700, wengi wao weusi, waliokufa wakitumikia vikosi vya kazi barani Afrika. Hauna sanamu wala upanga. Ni nguzo za mbao ngumu, kila mtu na yake, imeandikwa jina na tarehe aliyofariki.