Vifo vya kufidia: kwa nini samaki aliyeliwa si lazima awe samaki aliyepungua

Mnandi mmoja hula karibu nusu kilo ya samaki kwa siku. Ndege ishirini wakikaa miezi mitatu kwenye kipande kimoja cha mto, wavuvi wa mshipi huzidisha, hupata kilo 900, kisha huanza kuulizana nani ana bunduki. Hesabu yenyewe haina kosa. Kosa ni kudhani kwamba kilo 900 zilizoliwa ni kilo 900 zilizokosekana kwenye ndoano.

Mto una chakula na maficho ya samaki wa idadi fulani tu. Wakizaliwa kupita kiasi hicho, waliozidi watakufa hata kama hakuna ndege wala fisi maji: watakufa kwa njaa, kwa ugonjwa au kwa kusombwa na maji. Mnyama akimla mmoja wao, mwenzake hurithi nafasi, na vifo vya njaa hupungua. Kifo kimoja kimefidia kingine. Vifo vya nyongeza ni kinyume chake: aliyeliwa angeishi, na hakuna wa kushika nafasi yake. Wazo hili lilijengewa hoja katika miaka ya 1940 na Paul Errington, Mmarekani aliyechunguza panya wa majini wa Iowa. Aliona kwamba wanyama wawindaji waliwapata zaidi panya waliokosa makao, ambao siku zao zilikuwa zimehesabika tayari.

Kwa samaki wa mtoni, trauti wa kahawia ndiye mfano ulio wazi kuliko wote. Jike hutaga mayai kama 1,600 kwa kila kilo ya uzito wake. Ili idadi ya trauti isipande wala isishuke, mayai yote ya maisha yake yanahitaji kutoa wazazi wawili tu. Vifaranga wakishatoka kwenye changarawe, kila mmoja hugombea kieneo chake nyuma ya jiwe, na anayeshindwa huteremka na maji na kufa. Huko Black Brows Beck, kijito cha kaskazini-magharibi mwa Uingereza, trauti walianza kuhesabiwa mwaka 1966 na kazi hiyo ikaendelea kwa miaka mingi. Ilionekana kwamba msongamano huamua vifo katika wiki za kwanza tu baada ya vifaranga kuanza kula wenyewe. Wakishapita hapo, vifo havitegemei tena wingi wao.

Hapo ndipo penye jibu la ugomvi mzima. Mdiria anayekamata vifaranga wa sentimita tatu anachukua walio kwenye foleni ya kufa. Kumfukuza hakuongezi hata samaki mmoja mkubwa. Anayekamata samaki wa miaka mitatu, ambaye amekwisha kushinda ugomvi wote huo, anaweza kuwa anapunguza kweli. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mnyama amekula kilo ngapi, uliza amekula samaki wa umri gani.

Vifo vya nyongeza vipo, na mvuvi anayelalamika hapaswi kubezwa. Mto Great Ouse wa Uingereza ulikuwa na barbeli (samaki wakubwa wa mtoni) wachache wakongwe, wengine wakifika kilo 9. Pale ambapo changarawe ya mazalia imezibwa na tope na vifaranga hawafiki ukubwani, kila mzee anayekamatwa na fisi maji ni pengo lisilozibika. Lakini tazama mpangilio wa sababu: aliyeharibu ni tope, fisi maji amemalizia. Ukimwondoa yeye, wazee hao watakufa kwa uzee na mto utabaki mtupu vilevile.

Chuki ya wavuvi kwa fisi maji ina historia yake pia. Fisi maji wa Uingereza walipungua vibaya kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 kwa sababu ya viuatilifu kama dieldrin. Sheria iliwalinda huko England mwaka 1978, na kufikia 2011 walikuwa wameonekana tena katika kila kaunti ya England. Mvuvi aliyeanza kuvua mwaka 1970 aliukuta mto usio na fisi maji akauona ndio wa kawaida. Kwa macho yake mnyama aliyerudi kwao ni mvamizi.

Kuua mwindaji mkubwa kunaweza hata kuzidisha wawindaji. Paiki ni samaki mlaji ambaye pia hula paiki wenzake wadogo. Katika ziwa Windermere la Uingereza, wakubwa walianza kuondolewa kwa nyavu mwaka 1944, na waliobaki wakawa wadogo, wachanga na wengi.

Kwetu, trauti waliletwa Kenya mwaka 1905 na kutiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Fisi maji walikuwepo zamani kabla yao. Kuna aina mbili, na kuzichanganya ni kumhukumu asiye na hatia. Asiye na kucha, ambaye alama za mikono yake kwenye tope hufanana na kiganja chenye vidole vitano, hula zaidi kaa wa mtoni. Mwenye madoa shingoni ni mdogo zaidi na ndiye mpenda samaki. Vunja kinyesi kilichokauka juu ya jiwe: vipande vya magamba ya kaa vikijaa, hana kesi kubwa na trauti wako, mifupa myembamba na magamba ya samaki ikijaa, endelea kuchunguza.

Majeraha nayo husema. Korongo hudunga, kwa hiyo tafuta tundu mgongoni. Mnandi hubana kwa mdomo wenye ncha iliyopinda, hivyo samaki aliyemponyoka huwa na mkwaruzo upande mmoja na mkato wa kina zaidi upande wa pili. Samaki mkubwa aliyeachwa ukingoni huku ameliwa sehemu ya koo na kifua ni kazi ya fisi maji.

Hasara kubwa kuliko zote hutokea siku ya kupandikiza samaki mtoni au bwawani, na hii tunaisema kwa mkazo kwa sababu ndiyo iliyo mikononi mwa wavuvi wenyewe. Samaki waliofugwa kituoni hawajawahi kumkimbia adui na hawajui maficho. Ukimwaga 500 mahali pamoja saa nne asubuhi, umemwandalia mnandi karamu. Wagawe katika vikundi vidogo kwenye sehemu nyingi, jioni, karibu na mizizi na magogo. Usipandikize kupita nafasi iliyopo, maana waliozidi ndio watakaoliwa, na hasira itamwangukia ndege.

Kwenye bwawa, zungushia rundo la matawi wavu wenye matundu yanayompitisha samaki na kumzuia mnandi, na uukague kila wiki usije ukanasa ndege au fisi maji. Bwawa la samaki wakongwe wa gharama kubwa linastahili uzio, na sehemu yake ya chini ilazwe kuelekea nje na kufukiwa, kwa sababu fisi maji huchimba chini ya uzio kabla ya kujaribu kuupanda. Mtoni uzio haufai. Huko fedha ziende kwenye miti ya ukingoni, magogo yaliyoachwa majini na kuzuia udongo wa mashamba usifike kwenye mazalia.