Kwa nini kamera za ulinzi huzimika usiku ilhali mchana zinafanya kazi vizuri?

Swichi ya mtandao, yaani kisanduku kinachounganisha kamera zote, ina poti (matundu ya waya) 8, kamera ni 8, na mchana kutwa picha ni safi. Giza likiingia, kamera moja inapotea kwenye skrini, inarudi, inapotea tena. Mara nyingi kamera yenyewe ni nzima. Swichi imeishiwa umeme.

Swichi ya PoE hupitisha data na umeme kwenye waya mmoja wa mtandao, na umeme huo una vikomo viwili: cha kila poti na cha swichi nzima. Hicho cha pili ndicho wanunuzi husahau kukiangalia. Kiwango cha kiufundi kiitwacho 802.3af, cha mwaka 2003, huruhusu poti itoe hadi wati 15.4. Lakini swichi ya poti 8 iliyoandikwa wati 60 kwa jumla haiwezi kutoa kiasi hicho kwenye poti zote. Ukizijaza, kila moja inabaki na wastani wa wati 7.5.

Sasa chukua kamera inayokula wati 4 mchana. Usiku inawasha taa za infraredi (mwanga wa kuonea gizani) na ulaji unapanda hadi wati 9. Kamera 8 zilizokuwa zikila wati 32 sasa zinataka 72. Swichi nyingi zikizidiwa huzikatia umeme poti zenye namba kubwa kwanza, ndiyo maana aghalabu hupotea kamera ya poti ya 8, si ya poti ya 1. Kuthibitisha, chomoa kamera mbili usiku huohuo. Zilizobaki zikitulia, umepata jibu.

Kwa hiyo soma wati za juu kabisa kwenye kibandiko cha kila kamera, jumlisha, kisha ongeza robo. Hapa 72 inakuwa 90, basi nunua swichi ya wati 96 au 120. Kamera ya kuzunguka huweza kuhitaji wati 20 na zaidi, hivyo itafutie poti ya kiwango cha 802.3at, yenye wati 30. Kwenye poti ya 802.3af inaweza kuwaka vizuri kabisa, halafu ikajizima mota inapozunguka huku taa zimewaka.

Kabla ya kubadilisha swichi, kwangua uzi wa waya kwa kisu. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Ukikuta rangi ya fedha, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Ukinzani wake ni mkubwa, volti zinapotea njiani, na kamera ya mbali ndiyo huumia kwanza. Hata kwa shaba tupu, usivuke mita 100.

Jihadhari pia na swichi za bei ya chini zinazosukuma volti 24 au 48 bila kuuliza. Swichi inayofuata viwango hutuma kwanza volti ndogo, kati ya 2.7 na 10, ikitafuta ukinzani wa takriban kilo-omu 25 ndani ya kifaa. Isipouona, haitoi umeme. Ile nyingine inaweza kuunguza kifaa chochote utakachochomeka.

Mwisho, angalia poti inayokwenda kwenye rekoda inayohifadhi picha. Kwa mfano, kwenye mfumo mkubwa zaidi, kamera 16 zinazotuma megabiti 8 kwa sekunde kila moja zinafikisha 128. Poti ya megabiti 100 itakwama na picha zitakatika-katika hata wati zikitosha. Hapo chukua poti ya gigabiti.