Uchafuzi mtambuka: kitambaa cha kufutia kinapogeuka kuwa kichafuzi

Chukua kitambaa kilicholala usiku kucha kando ya sinki kikiwa kimeloa, ukifutie meza. Makombo yataondoka, doa litaondoka, meza itang'aa. Kisha inama uinuse. Ile harufu ya uvundo iliyokuwa kwenye kitambaa sasa iko mezani. Umeifuta meza, na papo hapo umeipaka kitu ambacho hakikuwepo. Tendo hilo lina jina: uchafuzi mtambuka.

Kutambuka ni kuvuka, kupita kutoka upande huu hadi ule. Wengi tumelizoea neno hili kwenye mikutano, ambako hakukosekani "masuala mtambuka". Katika usafi maana yake ni nyepesi zaidi: vijidudu kubebwa kutoka mahali vilipo na kupelekwa mahali ambapo havikuwepo. Vijidudu havina miguu ya kutembelea kutoka chooni hadi jikoni. Vinahitaji mbebaji, na ndani ya nyumba wabebaji wakubwa ni mikono yetu, vyombo kama kisu na ubao wa kukatia, na vitambaa pamoja na mopa. Mikono tumefundishwa kuiosha tangu utotoni. Ubao wa kukatia nyama watu wameanza kuutilia shaka. Kitambaa ndicho kinachoponyoka, kwa sababu tunakihesabu upande wa usafi. Nani humshuku mlinzi?

Kabla ya kwenda mbali, kuna mambo mawili ambayo huchanganywa. Kusafisha ni kuondoa: uchafu, mafuta na sehemu kubwa ya vijidudu vinang'olewa kwa sabuni na maji, kisha vinachukuliwa. Kuua vijidudu ni kazi nyingine, inayofanywa na joto kali au dawa kama klorini. Kitambaa chenye sabuni hakitegemewi kuua vijidudu. Kazi yake ni kubeba. Ndiyo maana swali la kujiuliza kila unapofuta ni hili: nilichokifuta kimekwenda wapi? Kama kimebaki ndani ya kitambaa, na kitambaa kinakwenda kwenye meza nyingine, basi nacho kinasafiri.

Kitambaa kibichi ni makazi mazuri mno kwa bakteria. Wanahitaji maji, chakula, joto la kiasi na muda, na kitambaa cha jikoni kinawapa vyote vinne. Bakteria aitwaye E. coli, akipata mazingira bora kabisa, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Piga hesabu: mmoja anakuwa wawili, wawili wanne, na baada ya saa 7 wamepita milioni 2. Kitambaa chako si maabara, kwa hiyo mwendo wake ni wa polepole zaidi, lakini usiku nao ni mrefu.

Hapa ndipo linapotoka lile jambo linalowashangaza wengi, kwamba kitambaa au sponji ya jikoni mara nyingi huwa na bakteria wengi kuliko kiti cha choo. Charles Gerba wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, amelisema hilo kwa miaka mingi kutokana na vipimo vyake majumbani. Ukifikiri kidogo, mshangao unaisha. Kiti cha choo ni laini, hakinywi maji, hukauka haraka, na watu hukisugua kwa bidii kwa sababu wanakiogopa. Sponji ina vitundu vingi, haikauki, na inalishwa mara tatu kwa siku.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Furtwangen, Ujerumani, walichunguza sponji 14 zilizotumika majumbani. Walikuta makundi 362 ya bakteria, na penye msongamano mkubwa zaidi walifikia zaidi ya bilioni 50 katika sentimita moja ya ujazo. Jambo lililonigusa zaidi si idadi hiyo. Ni kwamba sponji ambazo wenyewe walisema wanazitakasa mara kwa mara hazikuwa na bakteria wachache kuliko nyingine. Ndani ya vile vitundu daima kuna wanaosalimika, nao huzaana upya. Kwa maoni yangu sponji ni kitu cha kutumia muda mfupi na kutupa. Anayetaka kitu cha kudumu achukue kitambaa chepesi cha pamba, kinachofulika na kukauka.

Tusitiane hofu lakini. Sehemu kubwa ya bakteria hao hawamdhuru mtu mwenye afya. Wanaotia wasiwasi ni wachache: Salmonella na Campylobacter wanaotoka kwenye nyama mbichi, hasa ya kuku, Staphylococcus aureus anayeishi puani na kwenye ngozi za watu wengi, na norovirusi, kirusi cha kuhara na kutapika, ambacho chembe chache tu zinatosha kumlaza mtu. Kwa mtoto mchanga, mzee, mjamzito au mtu ambaye kinga yake imedhoofika, wachache hao ni wengi.

Na ile harufu? Mwaka 2012 watafiti wa Japani walionyesha kwamba uvundo wa nguo zilizofuliwa zikakawia kukauka unatokana zaidi na bakteria aitwaye Moraxella osloensis, anayevumilia hata kukaushwa. Kwa hiyo harufu ni taarifa: kitambaa hiki kimekaa na maji muda mrefu mno. Kisichonuka, hata hivyo, hakijapewa cheti. Campylobacter hanuki.

Sasa, namna ya kuzuia. Jambo la kwanza ni kutenganisha. Hospitali za Uingereza zina utaratibu wa rangi: nyekundu kwa vyoo na mabafu, bluu kwa maeneo ya kawaida, kijani kwa jikoni na sehemu za chakula, njano kwa vyumba vya wagonjwa waliotengwa. Vitambaa, mopa, ndoo, hata glavu hufuata rangi hizo, hivyo mtu akiona kitambaa chekundu jikoni anajua papo hapo kuna kosa. Nyumbani huhitaji rangi nne wala duka la vifaa. Fulana kuukuu iliyokatwa vipande inafaa kabisa, mradi kipande cha choo kina alama isiyofutika: kona iliyokatwa, fundo, uzi mwekundu. Kinachohitajika ni kwamba kila mtu wa nyumba hiyo aijue alama, pamoja na mgeni anayejitolea kusaidia kuosha vyombo. Utaratibu unaojulikana na mtu mmoja tu huvunjika siku anapougua.

Ndani ya chumba kimoja, anzia kwenye usafi uende kwenye uchafu, na anzia juu ushuke chini. Bafuni hiyo ina maana kioo kwanza, kisha sinki, kisha sehemu ya kuogea, na choo mwisho. Hata choo chenyewe kina ngazi zake: kishikio cha kuvutia maji, kifuniko, kiti, halafu ukingo wa chini. Anayeanza na kiti akamalizia na kishikio anawaachia wenzake zawadi ambayo kila mmoja ataichukua kwa vidole.

Kuna ujuzi mdogo wa wasafishaji wa hospitali ambao ningependa kila nyumba iuibe. Usikikunjekunje kitambaa mkononi kama mpira. Kikunje katikati, kisha katikati tena. Sasa una nyuso 8 ukigeuzageuza mbele na nyuma, ndani na nje. Futa kwa uso mmoja, geuza, futa kwa mwingine. Uso uliokwisha kutumika haurudi mezani. Futa kwa mwelekeo mmoja badala ya kuzungusha, maana kuzungusha kunakurudisha pale pale ulipotoka na kile ulichokiokota. Nyuso zikiisha, kitambaa kinakwenda kwenye nguo chafu, hakirudishwi kwenye beseni la maji safi. Ukikichovya humo, beseni zima limekuwa kitambaa kichafu.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye kupiga deki. Deki ni sitaha ya meli, na msemo wenyewe umetoka kwa mabaharia. Lakini tazama tofauti: baharia anamwaga maji, anasugua, na maji machafu yanatiririkia baharini yaende zake. Sisi tunachovya mopa, tunafuta, kisha tunairudisha mopa kwenye ndoo ile ile na kuipeleka chumba kinachofuata. Tumechukua jina la kazi, tukaiacha sehemu yake iliyo bora. Kufikia chumba cha tatu maji yana rangi ya udongo, na tunachofanya ni kugawa uchafu wa chumba cha kwanza kwa usawa nyumba nzima. Kutwanga maji kinuni angalau hakuongezi uchafu.

Dawa yake ni ndoo mbili. Moja ina maji ya sabuni, nyingine ina maji ya kusuuzia. Mopa ikitoka sakafuni inakwenda kwanza kwenye ndoo ya kusuuzia, inakamuliwa vizuri, ndipo inachovywa kwenye sabuni. Uchafu unabaki ndoo ya pili, na maji ya sabuni yanakaa na uwezo wake kwa muda mrefu zaidi. Kipimo changu cha kubadili maji ni rahisi: usipoona chini ya ndoo, mwaga. Choo kiwe cha mwisho siku zote, na ikiwezekana kiwe na mopa yake. Fanya kazi ukirudi nyuma kuelekea mlangoni ili usikanyage ulipofuta. Mopa ikamuliwe hadi iwe na unyevu tu, kwa sababu sakafu inayokauka haraka hunyima vijidudu muda.

Sakafu, nikiri, si mahali pa hatari sana kwa mtu mzima ambaye hali chakula chini. Vishikio vya milango, swichi za taa, mabomba na kaunta ya jikoni vinastahili umakini kuliko vigae vya ukumbini. Nyumba yenye mtoto anayetambaa ni habari nyingine.

Baada ya kazi, mopa isiachwe ndani ya ndoo. Hilo ni kosa la kila mahali: maji ya sabuni yaliyopoa, nyuzi zilizojaa uchafu, kona yenye giza, siku tatu. Ioshe kwa sabuni, isuuze, ikamue, ining'inize kichwa juu mahali penye hewa au jua. Ndoo nayo ioshwe na kugeuzwa chini juu ikauke. Vitambaa vya jikoni vibadilishwe kila siku, na mara moja kama vimegusa maji ya nyama mbichi. Hapo, kwa kweli, bora karatasi ya kufutia ambayo inatupwa.

Kwenye mashine ya kufulia, nyuzi joto 60 pamoja na sabuni zinatosha. Anayefua kwa mkono ana njia mbili kwa vitambaa vya pamba. Moja ni kuvifua, kisha kuvichemsha kwa dakika chache baada ya maji kutokota. Nyingine ni kuvifua, kuvisuuza, kisha kuviloweka kwenye maji yenye klorini, ile dawa ambayo wengi huiita jiki hata kama chupa ina jina jingine. Mpangilio huo usigeuzwe. Klorini ikikutana na mafuta na mabaki ya chakula inapoteza nguvu zake kupambana nayo, na vijidudu vinasalimika. Kama chupa imeandikwa asilimia 5, mililita 20 katika lita moja ya maji baridi zinakupa takribani asilimia 0.1, ambayo inatosha kwa kazi za kawaida. Changanya ya siku hiyo tu, kwa kuwa hufifia.

Klorini usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, siki, wala chochote chenye amonia. Gesi inayotoka huumiza mapafu, na bafu ni chumba kidogo.

Matapishi na kinyesi vina utaratibu wao, kwa sababu ya norovirusi. Vaa glavu, chukua kwa karatasi, tupa kwenye mfuko uliofungwa, osha mahali hapo kwa sabuni, ndipo umimine klorini kali zaidi: fungu moja la dawa ya asilimia 5 kwa mafungu 9 ya maji. Iache angalau dakika 5 kabla ya kufuta. Kufuta matapishi kwa kitambaa cha jikoni kisha kukisuuza sinkini ni uchafuzi mtambuka katika umbo lake kamili kabisa.

Vitambaa vya maikrofaiba vinahitaji maelezo yao. Vimefumwa kwa nyuzi nyembamba mno za poliesta na nailoni, na uwezo wao uko kwenye zile nyufa ndogo zinazonasa vumbi na mafuta hata kwa maji matupu. Hivyo hunasa vizuri kuliko pamba, lakini havipendi klorini, wala kuchemshwa, wala dawa ya kulainisha nguo, ambayo huziba nyufa zenyewe. Soma lebo, vifue mbali na pamba inayotoa manyoya.

Kitambaa kikichakaa, kinaweza kushushwa cheo. Cha jikoni kilichofifia kiwe cha kufutia vumbi, kisha cha sakafu, kisha cha choo, na kutoka hapo pipa la taka. Ukikifua na kukichemsha kikawa cheupe pe, bado usikipandishe kurudi jikoni. Kwa sayansi pengine kingefaa. Tatizo ni kwamba alama yake ya choo imebaki pale pale, na siku utakapoanza kuzipuuza alama mwenyewe, hakuna mwingine katika nyumba atakayeziamini.