Vihusishi vya Mahali katika Kiingereza: Ufafanuzi kwa Watahiniwa na Walimu

Kutokana na kuongezeka kwa malalamiko ya watahiniwa wanaoona wamekatwa alama kwa sababu ya "kijineno kimoja tu", kitengo cha usahihishaji kimeona ni vyema kueleza jinsi vihusishi vya mahali, yaani vijineno kama "in", "on" na "at", vinavyopimwa. Hatuna shaka kwamba malalamiko hayo yanaletwa kwa nia njema. Hata hivyo, mengi yanatokana na dhana moja, kwamba kila kihusishi cha Kiingereza kina mwenzake wa Kiswahili na kazi ya mwandishi ni kumtafuta.

Mwenzake huyo hayupo. Kiambishi "-ni" hubeba peke yake mzigo ambao Kiingereza hugawa kati ya "in", "on" na "at", nasi tukitaka kubainisha kwamba mtu yu ndani hasa, husema "yumo". Kiingereza humtaka msemaji aamue mapema iwapo mahali hapo anapaona kama nukta, kama uso wa kitu, au kama kitu chenye ndani. Ndiyo maana mtu husubiri "at the corner" akiwa barabarani, lakini kiti huwekwa "in the corner" ya chumba, pale kuta mbili zinapokutana.

Kanuni inayokaririwa sana, kwamba "in" ni ya mahali pakubwa na "at" ni ya mahali padogo, ingefaa iachwe. Mtu huishi "in Chicago", ilhali treni inayoelekea kwingine yaweza kusimama "at Chicago". Mji haukupungua ukubwa, ila safari hii umetazamwa kama kituo njiani.

Kinachowaponza wengi zaidi ni "juu ya". Tukisema taa iko juu ya meza, msikilizaji hajui kama imewekwa mezani au inaning'inia kutoka darini. "The lamp is on the table" ina maana kwamba taa imegusa meza. Ikiwa inaning'inia, kinachohitajika ni "over" au "above". Msahihishaji mwenye picha ya taa inayoning'inia hawezi kukubali "on", hata hati ya mwandiko iwe nzuri namna gani.

Kuhusu vyombo vya usafiri, basi, treni, meli na ndege huchukua "on", na gari dogo au teksi huchukua "in". Baiskeli na farasi huchukua "on" kwa kuwa mtu huketi juu yake.

Sasa utaratibu. Kihusishi kinachobadilisha maana hukatwa alama nzima. Kisichobadilisha maana hukatwa nusu alama. Na kosa lilelile likirudiwa katika insha moja huadhibiwa mara moja tu, isipokuwa katika swali linalopima vihusishi moja kwa moja, ambapo kila jibu husahihishwa peke yake. Tofauti za Uingereza na Marekani haziadhibiwi. Mgonjwa aliyelazwa aweza kuwa "in hospital" kwa Mwingereza na "in the hospital" kwa Mmarekani, mradi mtahiniwa ashike mtindo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. "Arrive to the airport" si mtindo wa Uingereza wala wa Marekani, na maombi ya kusahihishiwa upya yanayodai kwamba ni mmojawapo yamekuwa mengi kupita kiasi. Mtu hufika "at the airport" na "in London". Akifika kwake huandika "arrive home" bila kihusishi chochote.

Anayeomba kusahihishiwa upya anatakiwa ataje namba ya swali, anakili sentensi nzima kama alivyoiandika, na aeleze mahali alipokusudia pako vipi. Ombi lisilo na sentensi hurudishwa bila kusomwa, na muda wa kuomba hauongezwi kwa sababu hiyo.