“Haisikiki? Ongeza Sauti”: Dhana Potofu Kuhusu Sauti Katika Kumbi za Vyuo

Msimu wa maonyesho vyuoni Nairobi unapokaribia, vikundi vya drama, vya mashairi na hata kwaya huja na ombi lilelile: tutafutie spika kubwa zaidi, maana muhula uliopita watu wa nyuma hawakusikia kitu. Spika hukodishwa, pesa za maleba huishia hapo, na watu wa nyuma wanaondoka tena bila kuelewa. Kwa vikundi vinavyoigiza vitabu teule mbele ya wanafunzi wa sekondari hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu watoto hao wamelipa kiingilio ili wasikie mazungumzo watakayoulizwa kwenye mtihani wa KCSE.

Dhana: Watu wa nyuma wasiposikia, ongeza sauti

Kabla ya kugusa amplifaya, waulize watu wa safu ya mwisho: hamkusikia sauti, au hamkusikia maneno? Mara nyingi watakuambia sauti ilikuwa nyingi tu, ila hawakushika kilichosemwa. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na kuongeza sauti hutibu moja tu.

Kumbi nyingi tunazoigizia hazikujengwa kwa maigizo. Ni mesi, ukumbi wa mihadhara, ukumbi wa mitihani: sakafu ya terazo, kuta za mawe zilizopigwa plasta, vioo kutoka pembe hadi pembe, juu zege au mabati. Humo ndani msikilizaji hupokea vitu viwili. Kwanza ni sauti inayomfikia moja kwa moja kutoka kinywani mwa mwigizaji au kwenye spika. Kisha linafuata rundo la marudio yake yaliyogonga ukuta, dari na sakafu. Sauti ya moja kwa moja hupungua takribani desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapoongezeka maradufu. Marudio hayapungui hivyo. Yameenea ukumbi mzima karibu kwa kiasi kimoja. Kwa hiyo kadiri mtu anavyokaa nyuma ndivyo mwangwi unavyoizidi sauti halisi. Ukipandisha amplifaya, vyote viwili vinapanda pamoja. Aliye nyuma anapata fujo ileile, sasa ikiwa inamuumiza masikio.

Kiswahili huumia hapa kwa namna yake. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, na nguvu ya sauti imo kwenye irabu. Konsonanti ni fupi na dhaifu, lakini ndizo zinazobeba maana. Mwangwi wa irabu iliyopita huifunika konsonanti inayokuja. Mwigizaji akitamka “pata”, “paka”, “pasa” au “kata”, safu ya mwisho inapata “a-a” na kubahatisha iliyobaki. Naye mwelekezi anayesimama nyuma akipaza “Sauti! Sauti!” anazidisha tatizo, kwa sababu mtu anapopiga kelele hukuza irabu kuliko anavyokuza t na k.

Jambo hili lilipimwa zamani, tena chuoni. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilifungua jumba la sanaa la Fogg, na ukumbi wake wa mihadhara haukufaa kitu: neno likitamkwa liliendelea kusikika kwa takribani sekunde 5.5. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, akapewa kazi ya kuurekebisha. Usiku mji ukitulia, alihamisha mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo hichohicho, akapiga bomba la kinanda, akapima kwa saa sauti inachukua muda gani kufa, kisha akaongeza mito na kupima tena. Kanuni aliyoipata bado ndiyo tunayoitumia: zidisha ujazo wa ukumbi kwa 0.161, kisha gawanya kwa jumla ya ufyonzaji wa sauti, na jibu ni sekunde ambazo mwangwi huchukua kufa. Ufyonzaji huhesabiwa kwa mita za mraba, ambapo mita 1 ya mraba ya dirisha lililo wazi ni 1 kamili, kwa sababu sauti ikitoka hapo hairudi.

Chukua ukumbi wa mita 20 kwa 12, dari mita 5. Ujazo ni mita 1,200 za ujazo. Kuta tupu, sakafu tupu na viti vya plastiki vitafyonza kiasi cha 40 hivi. Jibu ni sekunde 4.8. Maneno yanahitaji takribani sekunde 1, na hadi 1.5 tunaweza kuvumilia. Sasa weka watu. Mtu mmoja aliyeketi hufyonza takribani 0.45. Wakija 200, ufyonzaji unafika 130 na mwangwi unashuka hadi sekunde 1.5. Wakija 60 tu, kama ilivyo kwa maonyesho mengi ya Jumatano jioni, unabaki karibu sekunde 2.9, na hakuna mwigizaji wa kupambana na hiyo.

Hapo ndipo ushauri wangu mkuu unapoingia: nunueni mapazia. Ukuta wa nyuma wa ukumbi huo una mita 60 za mraba. Ufunikeni kwa pazia zito na mtaongeza ufyonzaji wa kama 36, sawa na kuleta watu 80 zaidi na kuwakalisha. Kwa hadhira ya watu 60, mwangwi unashuka hadi sekunde 1.9 hivi kabla hamjafanya jambo jingine lolote. Pazia liwe zito kweli, la aina ya velveti. Leso, shuka na vitambaa vyepesi vya mapambo havifanyi chochote cha maana. Liwe na mikunjo: mita 2 za kitambaa kwa kila mita 1 ya ukuta. Liachane na ukuta kwa sentimita 10 au zaidi, maana likibandikwa ukutani hupoteza sehemu kubwa ya kazi. Soko la Gikomba lina mapazia mazito ya mitumba na blanketi nene, na kikundi kinachoweka akiba kidogokidogo kitakuwa na ukuta mzima baada ya mihula michache. Spika za kukodi zinarudi kwa mwenyewe usiku uleule. Pazia linabaki la kikundi. Litundikwe kwenye reli ili livutwe pembeni siku ya kwaya, kwa sababu waimbaji wanataka kinyume: sekunde 1.5 hadi 2 huwafaa, na ukumbi usio na mwangwi huwafanya wajisikie wanaimba peke yao. Liwe mbali na taa za jukwaa, zinachoma.

La pili halina gharama: punguzeni umbali. Ukumbi ukiwa mrefu, msiweke jukwaa kwenye ncha. Liwekeni katikati ya ukuta mrefu na mpange viti nusu duara. Katika ukumbi wetu wa mfano, safu ya mwisho inasogea kutoka mita 17 hivi hadi chini ya mita 10.

La tatu ni mwigizaji mwenyewe. Amalize kila kirai, anyamaze kidogo mwangwi ufe, ndipo aendelee. Asivute irabu za mwisho. Aelekeze uso kwa hadhira kwenye maneno yenye habari, kwa sababu konsonanti husafiri mbele zaidi kuliko pembeni, na akigeuza mgongo zinapotea kwanza.

Spika zinakuja mwisho, na zikija zielekezwe kwa watu. Zipandishwe juu ya vichwa, ziinamishwe kuelekea safu za kati na za nyuma. Spika inayotazama ukuta wa nyuma inatengeneza mwangwi kwa pesa zenu. Kwenye miksa kateni masafa yaliyo chini ya hezi 100 kwa kila maiki ya mazungumzo. Huko hakuna maneno, kuna mngurumo tu, na zege haifyonzi mngurumo. Mkiweka spika ya pili katikati ya ukumbi, icheleweshwe. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo umbali wa mita 10 ni milisekunde 29. Ongezeni 10 hadi 15 juu yake, na sikio litaendelea kuamini kwamba sauti inatoka jukwaani.

Mkitaka kujua kama mmefaulu, pimeni. Andikeni maneno 20 yasiyo na uhusiano, yenye konsonanti zinazokaribiana: taka, kata, pasa, dada, baba, bata, paka. Mwigizaji ayasome jukwaani kwa sauti yake ya kuigizia, na mtu ambaye hajaiona orodha aketi safu ya mwisho aandike anachosikia. Akipata chini ya 16, rudini kwenye mapazia na viti. Msimtumie mwenzenu anayejua mistari ya tamthilia, kwa sababu yeye atasikia hata kisichosikika.

Dhana: Maiki nyingi jukwaani ndiyo usalama

Idadi ya maiki zilizo wazi ikiongezeka maradufu, unapoteza desibeli 3 za nafasi uliyo nayo kabla hazijaanza kulia, yaani kupiga mluzi kwa kusikia spika zake zenyewe. Ukifungua 8 badala ya 1, umepoteza 9. Funga kila maiki ambayo hakuna anayeitumia kwa sasa. Mtu wa miksa awe na mswada mkononi, aufuate mstari kwa mstari. Kusogeza maiki karibu na mdomo hadi nusu ya umbali hurudisha desibeli 6, na hiyo haina gharama yoyote. Spika zikae mbele ya mstari wa maiki, daima.

Washairi na wanarap, acheni kukumbatia kichwa cha maiki kwa kiganja. Matundu yaliyo chini ya wavu ndiyo yanayoifanya isisikie spika zilizo nyuma yake. Ukiyaziba, inasikia pande zote na inaanza kulia, kisha lawama zinamwendea fundi.

Dhana: Trei za mayai ukutani huzuia sauti

Hazizuii. Kinachozuia sauti kupita ni uzito wa ukuta, na trei ni karatasi. Hupunguza mwangwi kidogo kwenye masafa ya juu, zinashika moto upesi, na zinakusanya vumbi. Zitoeni.

Dhana: Tangawizi, asali na yai bichi husafisha sauti

Unachomeza hupita kwenye umio. Hakigusi nyuzi za sauti. Vinywaji vya moto hutuliza koo, na hilo ni jema, lakini maji yanayosaidia nyuzi ni yale uliyoyanywa saa kadhaa kabla. Yai bichi linaweza kukuletea salmonela usiku wa onyesho. Sauti ikikauka, msinong’one: kwa wengi mnong’ono huongeza mkazo, afadhali kuongea polepole kwa sauti ya kawaida au kunyamaza kabisa. Kukohoa ili kusafisha koo hugonganisha nyuzi, mezeni mate. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3, mwone daktari wa masikio, pua na koo.

Dhana: Uwanjani ni rahisi, hakuna mwangwi

Ni kweli mwangwi haupo, lakini hakuna ukuta wa kukusaidia pia. Sauti inakwenda na hairudi. Kikundi cha maigizo ya kusafiri cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichoanza mwaka 1974, kilizunguka nchi bila kutoza kiingilio, na anayeigiza mahali kama hapo lazima ajue kuchagua kiwanja. Tafuteni ukuta wa jengo nyuma ya waigizaji, mita 2 au 3 kutoka migongoni mwao, na hadhira ikae nusu duara isiyozidi mita 12. Upepo uvume kutoka jukwaani kuelekea kwa watu. Bewa lililo kando ya barabara kubwa kama Uhuru Highway au Thika Road halifai jioni saa kumi na moja hadi moja, matatu zikiwa kwenye msongamano. Anzeni mapema, au hamieni ua wa ndani.

Dhana: Mvua ikinyesha juu ya mabati, fundi ataongeza sauti

Hakuna amplifaya inayoshinda mabati. Kuanzia Machi hadi Mei na kuanzia Oktoba hadi Desemba, kubalianeni kabla ya onyesho ni nani atakayesimamisha mchezo na kwa ishara gani. Taa zishuke nusu, waigizaji wabaki mahali pao, wapiga ngoma waendelee hadi mvua ipungue, kisha mwigizaji arudie mstari wa mwisho uliosikika.