Dhoruba ya theluji haihitaji theluji kuanguka

Wengi huamini kwamba dhoruba ya theluji ni theluji nyingi inayomwagika kutoka mawinguni, hivyo anga likiwa halina mawingu safari ni salama. Imani hii ni ya zamani, na ni ya hatari.

Idara ya hali ya hewa ya Marekani hupima mambo mengine: upepo wa takriban kilomita 56 kwa saa au zaidi, theluji inayoanguka au kupeperushwa, na mtu asiweze kuona mbele zaidi ya mita 400 hivi, hali hiyo ikidumu saa 3 au zaidi. Theluji iliyolala chini tangu wiki iliyopita inatosha. Upepo huiinua, ardhi na anga vikawa rangi moja, dereva asijue barabara inaishia wapi.

Ndiyo maana Utqiaġvik, mji wa Alaska ulio ukingoni mwa Bahari ya Aktiki, hupata dhoruba kali ingawa mvua na theluji yake ya mwaka mzima ni haba kama ya jangwani. Pwani ile ni tambarare, haina miti ya kuuzuia upepo.

Norwei wameliheshimu jambo hili. Majira ya baridi, kipande cha mwisho cha barabara ya kwenda Nordkapp, rasi iliyo kaskazini mwa nchi hiyo, hupitwa kwa msafara tu, nyuma ya gari la kusukuma theluji, na upepo ukizidi hufungwa.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka, ulizia upepo kwanza. Ukikwama, baki garini, na kabla ya kuwasha injini ondoa theluji kwenye bomba la moshi: likiziba, hewa yenye sumu huingia ndani bila harufu.