Kazi ya macho na kazi ya mikono: jinsi ya kuishi na uzi kila siku

Swali la kwanza ninaloletewa na wanafunzi wapya wa kudarizi huwa ni la picha. Nianze na ua? Nyumba? Ndege? Nami huwauliza jambo jingine kabisa: kwa siku unapata dakika ngapi za kukaa, na katika dakika hizo macho yako yana kazi nyingine? Jibu la hapo ndilo linaloamua kama kazi itakamilika au italala kabatini. Nimefundisha kazi za uzi kwa muda mrefu, na wengi niliowaona wakikata tamaa walikuwa na mikono mizuri. Kilichowashinda ni kwamba walichagua kazi inayotaka saa mbili za utulivu, ilhali walichokuwa nacho ni robo saa hapa na robo saa pale, kati ya jiko, watoto na safari za kazini.

Kwa hiyo mimi huzigawa kazi hizi mafungu mawili: kazi ya macho na kazi ya mikono. Mshono wa msalaba ni kazi ya macho. Unatazama chati, yaani mchoro uliogawanywa vijumba, unahesabu vijumba hivyo, unarudi kwenye kitambaa, unahesabu tena. Kufuma kwa kroshia, ile sindano moja yenye ndoano, au kwa sindano mbili, ukishazoea, ni kazi ya mikono: vidole vinajua kitanzi kilipo, nawe unaweza kuzungumza, kusikiliza redio au kukaa kwenye foleni bila kuona muda unavyokwenda. Kila anayeanza namshauri awe na moja ya kila fungu, basi. Wapo mafundi wenye kazi kumi zilizoanzwa na zote zinasonga mbele, lakini hao wameshajijua.

Tuanze na msalaba, kwa kuwa sioni mshono wa sindano ulio rahisi zaidi kuujifunza. Ni mistari miwili ya mshazari inayokatana, na ugumu wote umeshabebwa na kitambaa. Kitambaa cha Aida kimefumwa kwa mafungu ya nyuzi yanayoacha tundu la wazi kwenye kila pembe ya kijumba, hivyo sindano haibahatishi. Namba yake inakwambia inchi moja ina vijumba vingapi. Aida ya 14 ina vijumba 14. Ya 11 ina vijumba vikubwa zaidi, na ya 18 vidogo zaidi. Namba ikipanda, picha inapungua. Mchoro wenye upana wa mishono 140 utachukua inchi 10 kwenye Aida ya 14, yaani zaidi kidogo ya sentimita 25. Mchoro huohuo kwenye Aida ya 18 haufiki inchi 8. Ongeza sentimita 7 au 8 kila upande kwa ajili ya kushikia na kukunja mwishoni. Fanya hesabu hii kwenye karatasi kabla hujagusa mkasi, kwa sababu kitambaa kilichopungua hakina dawa.

Kwa mwanzo chukua Aida ya 14 na uzi wa pamba wa kudarizi. Uzi huo huuzwa kwa vishada, na ukiutazama vizuri utaona umeundwa na nyuzi nyembamba 6 zinazoachana. Kampuni ya DMC ya Ufaransa, iliyoanzia mjini Mulhouse mwaka 1746, huuza vishada vya mita 8, na namba zake za rangi zimeenea kiasi kwamba wadarizi wengi wakiona 310 kwenye chati wanajua ni nyeusi. Kwenye Aida ya 14 tumia nyuzi 2 kati ya zile 6. Zichomoe moja moja, kisha zikutanishe. Ukizivuta mbili kwa pamoja zinajisokota na kushikana. Urefu usizidi kutoka ncha za vidole hadi kiwiko. Kila uzi unapopita tunduni unasuguliwa, na uzi mrefu hufika mwisho ukiwa umechakaa, hauna mng'ao. Sindano iwe butu, namba 24 inatosha. Ncha kali hupasua nyuzi za kitambaa badala ya kupita penye tundu.

Fundo nyuma ya kitambaa silipendi. Linaacha uvimbe unaojitokeza picha ikishawekwa kwenye fremu, na likifuliwa linaweza kufunguka. Ninachofundisha ni hiki: chukua uzi mwembamba mmoja wenye urefu maradufu, ukunje katikati, na upitishe ncha zake mbili kwenye jicho la sindano ili kitanzi kibaki mwisho wa pili. Toa sindano kutoka nyuma kwenda mbele, fanya nusu ya msalaba wa kwanza, na sindano ikirudi nyuma ipite ndani ya kile kitanzi. Vuta polepole. Uzi umejifunga wenyewe. Ukimaliza rangi hiyo, pitisha uzi chini ya mishono minne au mitano ya upande wa nyuma, ukate.

Kuna jambo moja nisilolilegeza hata kwa mtoto: mguu wa juu wa kila msalaba ulalie upande uleule, kazi nzima. Uzi wa pamba unang'aa, na mwanga hurudi kulingana na jinsi uzi ulivyolala. Mshono mmoja uliogeuka katikati ya anga la bluu huvuta jicho hata la mtu asiyejua kudarizi. Ataona tu kwamba pana kitu. Ama mwendo wenyewe, uko wa namna mbili. Unaweza kukamilisha kila msalaba kabla ya kuhamia wa pili, au kwenda na nusu za safu nzima kisha kurudi ukizifunika. Namna ya pili ni ya haraka na huacha nyuma pasafi. Lakini mwenye dakika kumi nampa ya kwanza, kwa sababu akiitwa ghafla hakuna nusu zinazomngoja, na chati yake na kitambaa chake vinalingana wakati wowote anapoinuka.

Na kuinuka ndiko kunakohitaji maarifa. Mtu wa shughuli nyingi atakatizwa, kwa hiyo kazi ipangwe kwa kukatizwa. Chati nyingi zina mstari mnene kila baada ya vijumba 10. Kabla ya kuanza, piga mistari hiyohiyo kwenye kitambaa kwa uzi wa rangi tofauti, mishono mirefu isiyokazwa ambayo utaitoa baadaye. Picha kubwa sasa imekuwa miraba ya mishono 100, na mraba mmoja hauogopeshi. Kunja kitambaa mara mbili upate katikati yake, anzia hapo, na paka penseli kila kijumba cha chati ulichokwisha kushona. Hata ukirudi baada ya wiki nzima, utajua ulipoishia kwa kutazama mara moja tu.

Napenda kuwakumbusha wanafunzi wangu kwamba wanaketi mahali ambapo wengi wamewahi kuketi. Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, kimo kitambaa cha Jane Bostocke cha mwaka 1598, cha zamani zaidi kati ya vitambaa vya mifano ya kudarizi vya Uingereza vilivyosalia vikiwa na tarehe. Vitambaa vya namna hiyo vilikuwa daftari la fundi: mshono mpya ukijulikana, uliwekwa pale usisahaulike. Kwa Wapalestina, mishono ya msalaba juu ya nguo za wanawake hutambulisha hata eneo mtu anakotoka. UNESCO iliiandikisha sanaa hiyo mwaka 2021 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, ikieleza pia jinsi wanawake wanavyokusanyika majumbani kudarizi pamoja, wengine kwa kujipumzisha, wengine kwa kuongeza kipato.

Halafu yuko Alexis Casdagli, afisa wa jeshi la Uingereza aliyetekwa mwaka 1941 na kushikiliwa katika kambi za Wajerumani. Alidarizi kitambaa akitumia nyuzi zilizotoka kwenye sweta iliyochakaa. Katika mapambo ya ukingoni alificha jumbe mbili kwa nukta na vistari vya alfabeti ya Morse: mmoja ukimwombea mfalme wake heri, mwingine ukimtukana Hitler. Waliomfunga walikitundika kitambaa hicho hadharani bila kung'amua. Ninapomsikia mtu akisema kudarizi ni kazi ya waliokosa la kufanya, humsimulia habari hiyo taratibu, tangu mwanzo.

Sasa kazi ya mikono. Wengi hulinganisha kroshia na sindano mbili kwa uzuri wa kitambaa, lakini mimi hutazama kwanza idadi ya vitanzi vilivyo hai. Kwenye kroshia ni kimoja. Ukiitwa, kivute kiwe kirefu au kitie pini, tupia kila kitu mfukoni, na hakuna kitakachofumuka. Sindano mbili hubeba safu nzima ya vitanzi kwa pamoja. Ikichomoka ndani ya mkoba, vitanzi huanza kushuka safu baada ya safu. Kwa hiyo kazi ya safarini iwe ya kroshia, na ya sindano mbili ibaki kitini. Hilo halipunguzi heshima ya sindano mbili. Kitambaa chake hunyumbuka, hulala vizuri mwilini, na kwa kawaida hula uzi kidogo kuliko kroshia.

Anza na uzi laini usio na manyoya, wa rangi nyepesi, na kroshia ya milimita 5. Uzi mweusi au wenye manyoya huficha vitanzi, na anayejifunza anahitaji kuviona. Kisha fuma miraba midogo inayoanzia katikati na kuzunguka. Sijaona kitu kinachoifaa siku ya kawaida kama miraba hiyo: kila mmoja una mwanzo na mwisho wake, unaishika kazi iliyokamilika jioni ileile, na blanketi linajijenga kwenye kikapu mpaka siku utakapoamua kuiunganisha. Ukitumia maelekezo ya kwenye intaneti, angalia kwanza yametoka wapi. Mshono ambao Wamarekani wanauita wa moja, Waingereza wanauita wa mbili, na tofauti hiyo inaendelea hadi mishono mirefu. Ukichanganya, kofia itatoka na umbo ambalo halikukusudiwa.

Nguo zinahitaji kipimo, na hapa wengi hufanya haraka. Fuma kipande cha sampuli kinachozidi kidogo sentimita 10 kwa 10, kioshe, kikauke, kisha uhesabu. Tuseme maelekezo yanataka mishono 20 kwa sentimita 10 na wewe umepata 22. Mishono miwili inaonekana midogo. Lakini sweta ya mzunguko wa sentimita 100 imepangiwa mishono 200, na mishono 200 ya mkono wako itatoa sentimita 91 hivi. Hiyo si sweta yako tena. Panda ukubwa wa sindano, ujaribu upya.

Soma pia karatasi inayofunika bonge la uzi. Mbali na aina ya uzi, ina namba ya mkupuo wa rangi. Mabonge ya mkupuo mmoja yalitiwa rangi pamoja, na ya mikupuo tofauti yanaweza kutofautiana kidogo hata kama jina la rangi ni lilelile. Nunua ya kutosha mara moja. Sufu isiyotiwa dawa maalumu, ikikutana na maji ya moto na kusuguliwa, magamba ya nyuzi zake hushikana na nguo husinyaa bila kurudi. Akriliki huvumilia kufuliwa, lakini pasi ya moto huiharibu.

Kwa wanaodhani kroshia ina mwisho wake, mwanahisabati Daina Taimina, mzaliwa wa Latvia, aliitumia mwaka 1997 katika Chuo Kikuu cha Cornell kutengeneza mifano ya jiometri ya hiperboli, yaani ya nyuso zinazojikunja mawimbi badala ya kulala bapa, eneo ambalo ni vigumu sana kulionyesha kwa karatasi. Siri yake ni kuongeza mshono kwa uwiano uleule kila safu, hadi kitambaa kinajikunja mawimbi. Jaribu: ongeza mshono mmoja kila baada ya mitatu na uone kinachotokea mikononi mwako.

Mikono na macho vitunze. Kaa mwanga utokee upande usiotumia kushona ili kivuli kisiangukie kitambaa, na kila mara nyoosha vidole na viganja. Kidole kikianza kuuma, weka kazi chini hata kama safu haijaisha.

Na kazi ya kudarizi ikikamilika, ioshe kabla ya kuiweka kwenye fremu, maana mafuta ya vidole hubaki hata pale usipoyaona. Tumia maji ya baridi na sabuni isiyo kali, usikamue, izungushe ndani ya taulo inyonywe maji. Ingali na unyevu, ilaze uso chini juu ya taulo nene na upige pasi kwa nyuma, ili mishono isilale bapa. Nyekundu iliyokolea huweza kuchuja. Ikichuja, usiiache ikauke: endelea kuisuuza kwa maji ya baridi mpaka maji yatoke safi kabisa, ndipo uianike kivulini.